Mtumbwi Kwenye Mfereji wa Njukini

Alhamisi, 8 Agosti
Kila kitu kiko sawa. Jumamosi nawapeleka vijana wa kanisa letu hapa Voi safari ya mtumbwi Ziwa Jipe, kulala huko huko porini. Jumapili tunachagua mwenyekiti. Mpinzani wangu ni Cyrus, mwalimu wa chekechea, mtu wa kupanda milima. Mlima hata mbuzi hupanda. Fridah, katibu wetu, ameniuliza kama najua kupiga kasia. Nimemwambia nahodha haulizwi hivyo. Ametabasamu. Kura hiyo ni yangu.

Ijumaa, 9 Agosti
Simu kutoka Jipe. Mzee Musyimi, mwenye mitumbwi, anasema kiboko amezaa pale tunapoanzia. Hakuna kuingia majini wiki hii. Nimeuliza kama kiboko anaweza kusogezwa kidogo. Amekata simu.
Kuahirisha? Cyrus atacheka mwaka mzima. Nilikuwa dukani nikiuza dawa ya kupe jibu lilipokuja: Njukini! Shangazi Jacinta analima huko na kila mara husifu maji yao. Nimewaandikia vijana kwamba mpango umeboreshwa. Kiboko sikumtaja. Mzee Musyimi amekubali kuniazima mtumbwi mmoja, mradi nisimpigie tena. Tajiri wangu Muinde, mwenye duka, ataubeba kwa pikapu yake.

Jumamosi, 10 Agosti
Maji ya Njukini ni mfereji wa kumwagilia mashamba. Shangazi anasema hakuwahi kuuita mto. Anasema sikuuliza.
Mtumbwi uliingia, kwa shida, kama suruali ya mwaka juzi. Fridah akakaa mbele, mimi nyuma na kasia. Wengine walitembea kando wakibeba mahema. Tulienda vizuri mpaka kwenye kona. Hapo tukakwama. Maji yakavunja ukingo na kumwagika barabarani, na maharagwe ya Mama Rachel kule chini yakakosa hata tone. Ilikuwa zamu yake ya maji. Akaja na jembe.
"Kijana, toa hicho kitanda chako kwa maji yangu," akasema.
Nikaanza kumweleza habari za utalii. Cyrus hakueleza kitu. Alivua viatu, akaingia, akaita wenzake, Fridah akaruka kuwasaidia, wakauinua mtumbwi nami nikiwa ndani. Nahodha haachi chombo. Kisha wakaziba ukingo kwa udongo na mawe mpaka maji yakarudi njiani. Mama Rachel akaweka jembe chini, akatuletea mahindi ya kuchemsha. Fridah alikaa karibu na Cyrus, matope hadi magotini, akicheka. Nilihisi kitu kifuani. Njaa, nadhani.

Jumapili, 11 Agosti
Cyrus ni mwenyekiti. Mimi nimepata kura mbili, yangu na ya Fridah. Amekiri mwenyewe kwamba alinihurumia. Huruma ni mwanzo mzuri. Tena wote wanasema hawajawahi kufurahia safari kama ile. Safari ya nani? Yangu.

Jumatatu, 12 Agosti
Ziwa Chala! Nimesikia halina kiboko. Liko ndani ya shimo la mlima, kuta zake wima, kwa hiyo mtumbwi utashushwa kwa kamba. Cyrus ana kamba ndefu ya milimani. Nimeiazima. Aliuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya kufunga ng'ombe wangu mpya. Jioni amenipigia: yeye na Fridah watakuja Jumamosi kumwona huyo ng'ombe.
Kesho naanza kutafuta ng'ombe wa kuazima.