Shimo la Futi Kumi

Jumatatu, 9 Julai 1973. Makanya.
Nimerudi jana kutoka semina ya walimu wa kisomo, Same. Siku tatu za tamathali za semi! Sasa sisomi hata pakiti ya chumvi bila kuichambua. Mkufunzi alisema msomaji hodari haishii kwenye maneno, hutazama kilichojificha chini yake. Mimi natazama hadi chini kabisa.

Leo imekuja barua ya afisa elimu. Atapita Jumamosi saa nne. Anataka kila darasa la watu wazima liwe na "shimo la futi kumi, lenye mfuniko, mahali pa faragha". Mwalimu atakayefanya vizuri atahamia Same kuwa mratibu. Ofisi! Baiskeli ya serikali! Nimekula vumbi la Makanya miaka mitano. Nafasi hii ni yangu.

Jumanne, 10 Julai.
Uchambuzi umekamilika. Shimo ni ujinga. Futi kumi ni kina chake. Mfuniko ni elimu. Faragha ilinisumbua hadi saa nane mchana, ndipo nikaelewa: ni msomaji peke yake na kitabu chake. Afisa huyu ni mshairi!

Mwenzangu Hedwiga, wa darasa la asubuhi, hakuambulia kitu. Amekwenda machimbo ya jasi kuazima sururu. Nimecheka hadi nikapaliwa na chai.

Alhamisi, 12 Julai.
Mwanafunzi wangu, Mzee Tajeu, amewaacha ng'ombe wake akaja darasani na jembe begani. Akauliza tunachimba wapi. Nikamwambia tunachimba ubaoni, kwa chaki. Akanikazia macho, kisha akasema hata redio inawahimiza watu wachimbe. Nikamweleza kuwa redio nayo hutumia sitiari.

Hapo hila ikanijia. Hedwiga akizidi kupotea, nani atashindana nami? Nikampelekea Hedwiga wachimbaji: Tajeu na wanafunzi wengine wanne, pamoja na jembe langu mwenyewe. Alinishukuru hadi nikaona haya. Kidogo tu.

Jumamosi, 14 Julai.
Balaa! Afisa, Mzee Tumainieli, alishuka kwenye Landrova akitembea kwa hatua fupi fupi. Kumbe alikula nyama njiani, tumbo likamchafuka. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. Aliuliza tu shimo liko wapi.

Nikapanua mikono. Nikamjibu kuwa shimo limo ndani yetu sote.

Akauliza tena, kwa sauti ya juu, jasho likimtiririka. Takriri! Nikafurahi, nikafungua hotuba yangu. Kabla sijafika kwenye mfuniko, mzee alikuwa anatimua mbio kuelekea darasa la Hedwiga, kwenye kibanda kipya cha mabua.

Alikaa humo muda mrefu. Alitoka mtu mwingine kabisa, anatabasamu, anasifu mpaka bawaba za mlango. Hedwiga akaniambia kwa upole kwamba ile ilikuwa tasfida tu: afisa aliona haya kuandika choo. Nikamjibu kuwa tasfida ni mtoto wa sitiari. Lakini roho iliniuma. Same imeniponyoka, tena kwa jembe langu! Nililia nyuma ya darasa, na Tajeu akaniona.

Jumatano, 25 Julai.
Hedwiga ameondoka na basi la asubuhi kwenda Same. Sikwenda kumuaga, nilikuwa na shughuli.

Mchana nikapata barua ya afisa. Anasema tangu aanze kazi hajapata kuona mwalimu kama mimi. Kwamba kipaji changu ni kikubwa mno, wilaya nzima haina ofisi ya kunitosha. Ananisihi nisijisumbue kumwandikia, anaogopa ataelimika kupita kiasi.

Nimeisoma mara saba, neno kwa neno, nikisaka sitiari, takriri, tasfida. Hakuna! Barua nyoofu, inasema inachosema. Machozi yalinilenga. Nimeibandika ukutani mwa darasa, nikawasomea wanafunzi wote. Tajeu aliomba ruhusa ya kutoka nje, akakohoa huko kwa muda.

Kesho namwandikia afisa barua ndefu ya shukrani. Nakala kwa mkubwa wake.