Dele la Swafiya na Walinzi Ishirini na Watatu

Haya yote ni kweli tupu. Anayebisha aende akaulize Biryogo, mtaa ambao hata paka wake wanajua nani kapika nini. Chumvi sikuongeza.

Mwezi wa sita mwaka 1990, Melchior alikuwa karani wa jumba dogo la sanaa hapa Kigali. Kila mwezi alipiga chapa karatasi moja, "Habari kwa Wanaojitolea", iliyotangaza maonyesho yajayo na kuwashukuru waliojitolea, ambao walikuwa wawili, mmoja mke wa mwenzake. Mkurugenzi, Bi Gahongayire, alisafiri kwenda Butare, akamwachia funguo na agizo: maonyesho ya "Vyombo vya Zamani vya Nyumbani" yafunguliwe Jumamosi tarehe 23.

Melchior alisoma neno vyombo, akaona gari.

Gari lenyewe lilikuwa Reno nyeupe ya mhandisi Mbelgiji aliyepanga nyumba mtaa wa Kacyiru na ambaye angerudi kwao Jumapili tarehe 24. Siku moja mhandisi huyo alikunywa kahawa kwenye arusi ya Biryogo, ikamiminwa kutoka dele la shaba la Swafiya, fundi cherehani. Dele hilo babu yake Swafiya alilibeba kutoka Ujiji, na hakuna arusi ya Waislamu wa mtaa ule iliyofanyika bila hilo. Mbelgiji akasema angelitoa gari lake kwa dele lile. Swafiya akamjibu kwamba haliuzwi. Melchior, aliyekwenda kazini kwa miguu miaka thelathini, aliliona jibu hilo kuwa la haraka mno.

Hapa ndipo ulaghai unapoanza. Wenye tabia njema waruke aya moja.

Alipiga chapa toleo jipya la Habari. Kifungu cha kwanza: atakayeazima chombo atahesabiwa kuwa Mlinzi wa Urithi. Kifungu cha pili: Mlinzi atakaa jumbani Jumamosi tangu asubuhi, na kwa hiyo hatakwenda kwenye umuganda. Umuganda, kwa ninyi mnaokaa mbali, ni ile kazi yetu ya pamoja ya kila Jumamosi: jembe, mtaro na jua.

Akaipeleka karatasi kwa Swafiya.

"Mama Swafiya, dele lako linaingia kwenye historia."

"Litatoka lini?"

"Jumatatu. Na wewe Jumamosi umekaa kivulini, unalitazama tu."

Swafiya akaacha kukanyaga cherehani. "Na jembe langu?"

"Jembe iko ya wengine, mama."

"Na mtu mwingine hataligusa?"

"Imeandikwa. Kifungu cha nne."

"Kifungu hiki umekiandika lini?"

"Kitambo," alisema Melchior, na vidole vyake bado vyeusi kwa kaboni.

Swafiya aliitazama karatasi, akavitazama vidole. "Haya, mzee. Nitalileta Ijumaa."

Kosa la Melchior lilikuwa moja. Alitaka mtu mmoja akwepe jembe, na Biryogo nzima ikaisoma karatasi. Jumamosi asubuhi walifika walinzi ishirini na watatu. Ntakirutimana, mchinjaji, alileta ndara moja.

"Hii si chombo," Melchior alimwambia.

"Uliwahi kupigwa nayo?"

"Hapana."

"Basi huwezi kujua."

Kutwa nzima watu ishirini na watatu walilizunguka dele kama wafiwa. Melchior hakupata hata nafasi ya kulifuta vumbi. Akabaki na tumaini moja: saa kumi na moja jioni Kameruni ilikuwa inacheza na Kolombia kwenye Kombe la Dunia, na Ntakirutimana alikuwa na redio.

"Humu ndani redio haishiki," Melchior alisema kwa huzuni kubwa. "Labda uani."

Walitoka wote isipokuwa Swafiya. Dakika tisini zikaisha bila bao, Melchior akiomba kimoyomoyo kwa dini zote mbili. Katika dakika za nyongeza Kameruni wakafunga, ua ukalipuka, na hata Swafiya akainuka akaenda mlangoni, polepole, kama mtu anayempisha mwenzake. Bao la pili lilimkuta Melchior mtaa wa tatu, koti limefungwa, amekumbatia tumbo kama mwenye kuhara.

Kacyiru, sebuleni, walikuwa wawili tu, na funguo za Reno mezani. Mhandisi aliligeuza dele, akalikwaruza kwa ukucha. Shaba ikabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake kulikuwa na maandishi ya buluu: MAFUTA YA ALIZETI, LITA TANO. Mhandisi akazirudisha funguo mfukoni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akamfungulia mlango.

Jumatatu Melchior aliapa kwamba dele limeibiwa na mwizi asiyejulikana. Swafiya hakulia. Aliyekuja juu ni mkuu wa selire, yaani serikali ya mtaa, karatasi mkononi.

"Watu ishirini na watatu hawakuonekana kwenye umuganda. Nani aliwaruhusu?"

"Kifungu cha pili," Ntakirutimana akamsaidia.

Melchior alilima mitaro Jumamosi ishirini na tatu, moja kwa kila mlinzi.

Nilipomaliza kuandika nikampa jirani yangu Ilyasi, fundi viatu, asome. Alisoma taratibu, akanirudishia.

"Nzuri. Jina umebadilisha, sawa. Mtaa mzima tunamjua karani aliyelima ile mitaro."

"Ni hadithi tu, sha."

"Si umesema ni kweli tupu? Sasa, sebuleni kwa Mbelgiji walikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Na yule akapanda ndege kesho yake, na Kiswahili hajui."

"Hata neno."

"Basi haya ya alizeti nani kakusimulia, mzee? Mwizi asiyejulikana?"

Nikaanza kukohoa. Ilyasi alikwisha vuka uchochoro kumwita Swafiya, naye akaja na sindano bado mdomoni.

"Mwaka wa pili huu," alisema baada ya kuitoa, "fundi bati ananidai debe moja, rangi ya shaba na kazi ya siku mbili. Nilimwambia asubiri, mwenye deni atajitaja mwenyewe."

Nikalipa debe, rangi na siku mbili, na sahani mbili za brosheti, mishikaki yetu ya hapa, kwa usumbufu. Ilyasi akaagiza ya tatu, ya maini, akasema hiyo ni ya shahidi.