Kipimo cha Joto cha Madamu Hélène

Inatangazwa kwa wakazi wote wa kilima chetu cha Bihambwe, wenye miguu na wasio na miguu, kwamba mwaka huu wa 1954 serikali imeishinda baridi. Imeishinda ndani ya sanduku moja la mita tatu, nyuma ya ofisi ya Bwana Gustave. Mimi Evode, mwanafunzi wa mwaka wa nne na Katibu wa Kamati ya Joto, nilikuwapo.

Madamu Hélène ni chatu. Bwana Gustave, ajenti wa serikali na msimamizi wa shule yetu ya bweni, alimwona katika misitu ya Walikale akampenda papo hapo, akampandisha huku kwetu Masisi kwa kamyo, lori la serikali. Kwenye kamyo hiyohiyo alikuja Benoît, mtoto wa mwindaji, aliyefaulu mtihani wa kuingia shuleni kwetu. Wote wawili walifika wamekakamaa kwa baridi. Bwana Gustave aliwachunguza kwa haki, akaandika katika daftari: nyoka, amezoea joto, atunzwe; mwanafunzi, atazoea.

Kesho yake ikatoka sirkuleri, waraka wa amri za Bwana Gustave. Kifungu cha kwanza: makao ya Madamu yasipungue digrii ishirini na nane. Cha pili: kuni zote za kilima ziende kwa Madamu, kwa kuwa bweni lina digrii ishirini na mbili na halihitaji moto. Cha tatu: kipimo cha joto kikae mahali kinapopima, wala kisiondolewe kwa sababu yoyote. Cha nne: yeyote alalaye bwenini akikohoa siku tatu mfululizo, aondolewe kwa kamyo ya kwanza, asije akawafundisha wengine.

Zile digrii ishirini na mbili Bwana Gustave alizipima kwa jicho, akiwa nje ya dirisha, amevaa koti.

Kamati ikajenga sanduku la Madamu. Mbao zilikuwa za mikaratusi, nyufa tukaziziba kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Kioo cha mbele tulikitoa kwenye dirisha la bweni, lile lililo juu ya kitanda cha Benoît, kwa sababu kilienea vizuri. Kazi ya joto ilikuwa ya Papa Sebarenzi, mpishi wa shule. Mkaa ungemchoma Madamu tumbo, alitueleza. Yeye aliagiza mawe meusi ya volkano kutoka Mubambiro, akayapasha jikoni, akayafunga magunia na kuyapanga chini ya sakafu ya sanduku. Yalibadilishwa kila baada ya saa mbili. Papa Sebarenzi ana watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubadilishiwa jiwe.

"Bibi yangu asisikie hii habari," aliniambia akibeba gunia. "Ataniacha, aende kuwa nyoka kwa Bwana Gustave."

Wakati huo Benoît alikuwa amekohoa siku mbili. Alikuwa mtu wa kwanza wa kijiji chao kushika kalamu.

"Evode," aliniambia, "nikirudi, papa atawaza shule njo ilinikataa. Atanipa mukuki, na mambo ya vitabu iko imekwisha."

Asubuhi ya tatu, kabla Benoît hajaamka vizuri, kipimo pekee cha joto kilimani kilianguka kutoka mkononi mwangu. Hakikuvunjika. Kikaanguka tena.

Bwana Gustave alibadilika rangi. Kipimo kingine kingechukua miezi kufika kutoka Bukavu. Kwa heshima zote nikamkumbusha kwamba kilimani kuna viumbe wawili wanaolijua joto la Walikale, na mmoja wao hasemi.

"Huyo mwanafunzi anaweza kusoma digrii?" aliuliza.

"Anazivaa, Bwana."

Kamati ikatoa orodha. Sweta mbili, digrii kumi na tano. Sweta moja, ishirini na mbili. Shati tupu, ishirini na nane. Kifua wazi, mpeni Madamu hewa. Benoît akaandikwa katika daftari la vifaa, kati ya mashine ya kuandikia na stempu: kipimo, kimoja, cha Walikale, hali ya wastani. Kwa kazi yake ilimbidi akae, asome na kulala akiegemea sanduku, penye mawe.

"Kipimo kinakohoa," Bwana Gustave alilalamika siku ya kwanza.

"Kinajirekebisha, Bwana."

Kufikia Jumapili kilikuwa kimejirekebisha kabisa.

Mwezi wa sita akaja Bwana Albert, mkaguzi, mtu anayeheshimu karatasi. Alisoma taarifa zetu zote. Saa nne: shati. Saa sita: shati, kifungo kimoja kimefunguliwa. Akaomba kukiona kipimo. Benoît akasimama, akafungua kifungo. Tulingoja mkaguzi acheke. Aliandika.

"Safi," alisema. "Na digrii za bwenini, zilipimwa na kipimo gani?"

"Nilizipima mimi mwenyewe," alisema Bwana Gustave, kifua mbele.

"Kwa hiyo kipimo cha bweni ni wewe."

"Ni mimi."

Mkaguzi alifungua kifungu cha tatu, akakisoma polepole, kisha akauliza kwa nini kipimo cha bweni kimeondolewa mahali kinapopima. Bwana Gustave alifunga vifungo vya koti lake. Kama Katibu, nilisaidia.

"Kitanda iko, Bwana Mukaguzi. Kile cha chini ya dirisha yenye haina kioo."

Jioni hiyo Bwana Gustave alihamia bwenini. Digrii ishirini na mbili, kwa orodha, ni sweta moja. Koti likabaki stoo. Taarifa zangu ni hizi. Siku ya kwanza: kipimo kinatetemeka. Ya pili: kipimo kimekohoa. Ya tatu: vilevile. Ya nne: vilevile, na kimemwamsha jirani.

"Kifungu cha nne niliwaandikia wanafunzi," Bwana Gustave alisema kwa sauti iliyobaki.

Mkaguzi alimwonyesha kwa kidole: yeyote alalaye bwenini. Kifungu cha tatu, akaongeza, ni cha vipimo vizima. Kisha akaamuru kuni zirudi bwenini, kwa kuwa baridi imeharibu kifaa cha serikali.

Kamyo ya kwanza ilikuwa inateremka Walikale. Madamu Hélène alipakiwa nyuma, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumpenda. Bwana Gustave alipakiwa kando yake. Papa Sebarenzi, ambaye hajui kusoma sirkuleri, alimwekea jiwe la moto mapajani.

Benoît alikuwa ameazimwa daftari la Bwana Gustave kwa shughuli hiyo, maana mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Aliwachunguza wote wawili kwa haki, akaandika: nyoka, anarudi kwenye joto lake; ajenti, atazoea.