Sekunde Nne za Binti Yangu

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi Eom,
Kampuni ya Muziki ya Nyota Saba, Seoul.

Natumaini u mzima na masikio yako yanafanya kazi, ingawa wimbo wenu mpya umenitia shaka. Mimi ni Pyo Mal-sun, muuza kimchi, kabichi ya kuchachua kwa pilipili, wa soko la Suncheon, mama mzazi wa Tak Sae-rom, yule mliyempaka nywele rangi ya zambarau bila kuniuliza. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nilikukabidhi mtoto mwenye sauti iliyowaliza wazee siku ya harusi ya shangazi yake. Miaka saba mmemfundisha na kumlisha viazi vitamu na mayai ya kuchemsha. Sikukuu saba za mavuno, Chuseok saba, hakuja nyumbani. Juzi katokea kwenye televisheni na wenzake sita, soko zima likaacha biashara likatazama. Akaimba sekunde nne. Alichoimba ni "eh, eh, eh." Muuza samaki wa jirani akanigeukia: "Mama Sae-rom, kwani mwanao kaimba saa ngapi? Mwenzio nilipiga chafya tu!" Niliumia sana, Mkurugenzi.

2. Neno "moyo" limetajwa mara thelathini na moja, na hakuna aliyesema huo moyo umefanya nini. Debe tupu haliachi kuvuma. Nyinyi mmelipaka rangi mkaliita wimbo.

3. Dansi yenyewe ni kufuta dirisha kwa mkono wa kulia. Sasa nchi nzima inafuta madirisha yasiyokuwepo, na ya kweli yana vumbi.

4. Wimbo ukiisha, kamera humkazia mmoja akihema. Safari hii alikuwa mwenzake Sae-rom, Bit-na, aliyeimba nusu ya wimbo akiwa amekaa kitini. Kachoka nini? Wangu, aliyeruka mwanzo hadi mwisho, hakuonyeshwa hata kisogo.

5. Mashabiki huita majina ya waimbaji kwa zamu. La mwanangu huitwa la mwisho, ngoma zikilipuka, likamezwa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: ama Sae-rom aimbe wimbo mzima na wale sita wafute madirisha, ama umpandishe basi la kesho arudi kwetu. Na aliyetunga takataka hii afukuzwe, asiguse kinanda tena maishani. Nitakuja mwenyewe nimtazame usoni nimwulize kalelewa na mama gani.

Wasalimie wote ofisini, na wale wasichana, hata Bit-na. Nimewatumia ndoo mbili za kimchi. Mgawane sawa, si kama mlivyogawana wimbo.

Wako mwenye uchungu,
Pyo Mal-sun

Tanbihi: Sae-rom amenipigia simu kabla sijaifunga barua hii, nikamsomea, naye akapiga kelele: "Mama, wimbo huo nimeutunga mimi! Hizo sekunde nne nimejipangia mwenyewe, usiniaibishe!" Basi tafadhali puuza namba 1 hadi 5, na mtunzi asifukuzwe. Nimeusikiliza tena mara tisa. Ni wimbo wenye hekima nzito, hasa pale pasipo na maneno.