Ombi la Kumwandikisha Mke Wangu Beryl Kuwa Kondoo

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Utafiti wa Mifupa,
Brisbane.

30 Mei

Mheshimiwa Daktari,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa leo heshima yenyewe nimeikusanya kwa taabu. Mimi ni Mervyn Haddow, mfugaji nje ya mji wa Warwick. Kwa miaka sita kondoo mnaowafanyia utafiti wametoka zizini kwangu. Mwaka juzi mke wangu Beryl aliangukiwa na pikipiki ya magurudumu manne, akapoteza kipande cha mfupa wa muundi chenye urefu wa kidole changu cha kati. Tangu hapo mguu wake umeshikiliwa na vyuma vilivyotokeza nje, na daktari wetu wa mjini ameanza kutaja kukata. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kondoo namba 47 alikuwa na pengo kama la Beryl. Mlimchapishia kiunzi kwa mashine, chenye matundu kama sega la nyuki, mkakipachika pale pengoni. Mfupa ukaota ndani yake, na kiunzi chenyewe kikaanza kuyeyuka mwilini taratibu. Siku ya wageni hapo kwenu tulimwona akiruka beseni la maji kwa raha zake. Beryl akaweka chini keki yake, akasema, "Merv, yule mnyama ananicheka."

2. Kamati yenu ya wanyama hukutana kila mwezi. Ya binadamu ina faili la Beryl tangu Juni mwaka jana. Tulijaza kurasa sitini na mbili, tukaulizwa hata kama ana mimba. Jamani, ana miaka sabini na mmoja! Namba 47 hakuulizwa hata jina.

3. Kwa hiyo naomba Beryl aandikishwe kuwa kondoo. Ana kilo sitini na nane, yumo ndani ya kiwango chenu. Ni mpole, mradi awe amekunywa chai. Karatasi ya mifugo nimeshaijaza: kwenye chanjo nimeandika pepopunda, na kwenye hereni ya sikio nimeandika anazo mbili, alizopewa na marehemu mama yake. Kwenye idadi ya miguu nimeandika ukweli, maana mimi si mwongo. Kilichobaki ni muhuri. Jirani yetu Darcy, anayeshuhudia nyaraka za watu hapa, amegoma kuugonga. Amesema, "Merv, rafiki yangu, nimesaini upuuzi mwingi, lakini Beryl akijua atanitoa roho."

4. Najua kondoo wenu mwishoni huchinjwa ili mfupa upimwe. Kwenye kipengele hicho naomba Beryl asamehewe. Mkikataa, nichukueni mimi, ingawa mifupa yangu haina la kuwafundisha.

5. Kwa miaka arobaini na minne mimi nimeendesha gari na Beryl ameshuka kufungua malango. Hapa kwetu ndivyo ilivyo, anayekaa pembeni ndiye mfungua lango. Sasa nashuka mwenyewe, nafungua, napanda, napita, nashuka tena, nafunga. Yeye hukaa ametazama upande wa pili nisione macho yake. Inaniuma, Daktari. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Ukiona ombi hili ni la kichaa, mlaumu aliyetengeneza foleni ambayo kondoo hupita mbele ya mke wangu. Nisalimie wauguzi, fundi wa ile mashine ya kuchapisha, na kondoo wote mmoja mmoja.

Wako anayengoja bila subira,
Mervyn Haddow

N.B. Beryl amenikuta naandika, akaisoma yote. Kisha akaniuliza, "Kweli hawajatujibu hata barua moja?" Nimeshindwa kumdanganya. Mwanzoni mwa Machi ilikuja bahasha yenye muhuri wa hospitali. Nilijua tu ni tarehe ya kukata mguu, nikaificha chini ya kiti cha trekta na sikuthubutu kuifungua. Ameifungua yeye. Kumbe ni barua yenu: mlimkubali kwenye majaribio ya kiunzi tangu Februari. Mlimpa siku tisini za kujibu, kuanzia tarehe 2 Machi, na zinaisha kesho saa kumi jioni. Basi futeni malalamiko yote, la kwanza hadi la tano. Jibu tunalileta kwa mkono. Hasemi nami, amekaa ndani ya gari anapiga honi.