Koti Lililokwenda Kuposa Chwele

Gazeti lilikuwa moja, wasomaji watatu, na aliyelinunua hakuwemo. Mwalimu fulani aliliacha kwa Waithaka, fundi wa viatu nyuma ya soko la Kitale, pamoja na viatu vyake vilivyoachama midomo. Kabla Waithaka hajatia uzi kwenye sindano, Rotich alikuwa ameshalitandaza magotini na kusafisha koo. Ndiyo maana pale benchini walimwita Msemaji wa Serikali.

"Sikilizeni, nyinyi watu wa kusikia kwa uvumi! Ati kila mtu mzima achukue kitambulisho kipya. Na apigwe picha mpya."

"Mpya ya nini?" Waithaka aliuliza, misumari mitano mdomoni. "Si sura ni ile ile?"

"Yako imekongoroka, bana! Askari akiona hiyo kipande yako ya zamani atasema umemwibia kijana wako."

Wekoye alicheka mpaka benchi likalia. Huyu Wekoye, mtu wa Bungoma, alikuwa na mabega ya kubeba magunia ya mahindi, na ndiyo kazi iliyomleta Kitale tangu mwaka wa themanini na mbili. Hajawahi kumiliki hata kalamu ya ofisi. Lakini jina lake la kijiweni lilikuwa Meneja, na alilipenda kuliko lile la ubatizo.

"Picha za siku hizi ni upuzi mtupu," Rotich aliendelea. "Mtu anapita na kamera hapa sokoni, pa! Umepigwa na mdomo umejaa ndizi. Zamani kupigwa picha ilikuwa safari. Unaoga kuanzia Ijumaa."

"Na kujipaka mafuta!" Wekoye akadakia. "Inzi akitua kwa paji la uso anateleza mpaka kidevuni."

"Mimi nilitoka Kiminini kwa miguu," Waithaka alisema, akaitema misumari kiganjani ili aseme vizuri. "Viatu mkononi, ndio vifike studio bila vumbi."

"Studio ya Mzee Kipara!" wote wawili wakapiga kelele, na Rotich akapiga gazeti kofi.

"Mnakumbuka ule ukuta alichora? Bahari, ndege ya abiria, na twiga."

"Twiga ndani ya bahari, bana!"

"Si alikuwa anaogelea? Wewe shida yako nini?"

Wakacheka, wakafuta machozi, wakaanza upya. Wekoye alijua inafaa anyamaze. Lakini zamani ikishaanza kusimuliwa, nani hukubali kuwa wa mwisho?

"Tusidanganyane," alisema, akavuta kola ambayo haikuwepo. "Themanini na tatu, Kitale hii, maridadi alikuwa mmoja. Nilituma picha yangu kwa posta mpaka Chwele kwa Nanjala, kabla sijamwoa. Koti ya mirabaraba, tai, saa, redio begani. Ilipofunguliwa hiyo bahasha, Chwele ilisimama! Ng'ombe waliacha maji mtoni. Jibu lilirudi limepakwa poda."

"Maneno tu," Rotich alisema. "Hebu tuone ushahidi."

Yeye mwenyewe akatoa pochi, na ndani ya pochi akatoa picha iliyokunjika pembe. Waithaka naye akafunua sanduku lake la vyombo, kwani yake alikuwa ameigandisha kwa gundi ndani ya kifuniko, karibu na kalenda. Wakazilinganisha. Rotich: koti la mirabaraba, kifungo cha pili hakipo. Waithaka: koti la mirabaraba, kifungo cha pili hakipo. Nyuma ya kila mmoja, twiga yule yule.

"Ngai!" Waithaka alipiga magoti chini kwa kicheko. "Kumbe tumevaa koti moja kama mapacha!"

"Si ilikuwa ya studio? Ikining'inia kwa msumari, unaivaa ikiwa na jasho ya mwenzako bado!" Rotich alijibu.

Wekoye hakucheka. Unajua, picha yake mwenyewe ilikuwa ukutani sebuleni, ndani ya fremu, koti hilo hilo lisilo na kifungo cha pili, na Nanjala huipangusa kila Jumamosi. Alipoolewa, swali lake la kwanza Kitale lilikuwa, "Koti iko wapi?" Wekoye akasema iko kwa dobi. Lilikaa kwa dobi miezi minne! Mwishowe, Aprili ya themanini na nne, Wekoye aliona dobi amechoka, akasema koti limeibwa kwenye kamba ya nguo. Na kamba ile walikuwa wakianikia nyumba mbili tu: yake, na ya Rotich.

Tangu siku hiyo Nanjala hakumsalimia Jerono, mke wa Rotich. Miaka kumi na miwili! Rotich kila mara huuliza, "Kwani hawa akina mama wamekosana nini?" na Wekoye hujibu, "Mambo ya wanawake, bana," huku roho ikimchoma.

"Rudisheni hizo vitu," alinong'ona sasa. "Haraka."

Waithaka alimtazama usoni, akafunga kifuniko bila kuuliza. Rotich, furaha imempanda kichwani, hakusikia lolote. Na hapo hapo Nanjala akatokea na bakuli la chakula cha mchana limefunikwa kwa sahani.

"Shemeji, umekuja wakati mzuri!" Rotich alimwita. "Hebu ona bwana wa Jerono alivyokuwa kijana!"

Nanjala aliipokea akitabasamu. Tabasamu likaganda. Akaileta picha karibu na pua, akahesabu vifungo kwa kidole, akaigeuza. Nyuma palikuwa na muhuri wa studio: Desemba 1985.

"Koti ya bwana yangu," alisema polepole. Kisha kwa nguvu: "Rotich! Kumbe ni nyinyi! Mliiba koti kwa kamba, halafu mkaenda kupigwa picha nayo!"

"Ati nini? Mama, hii ilikuwa ya stu—"

"Mwizi!"

Neno hilo ukilisema sokoni Kitale, hulisemi mara ya pili, watu wanakusaidia. Wauza viazi waliacha mizani. Mtu mmoja alikuja na mpini wa jembe kabla hata ya kuuliza mwizi ni yupi. Rotich alisimama, gazeti kifuani kama ngao.

"Ilikuwa ya studio, naapa! Sote tulivaa!"

"Ya studio!" Nanjala alicheka kwa uchungu. "Mnasikia? Baba Khisa, hebu waambie hawa watu. Koti hii ilikuwa ya nani?"

Macho yote yakamgeukia Wekoye. Aliona aibu, aliona hofu, na kati ya vyote viwili aliona uso wa Rotich, rafiki aliyemchimbia kaburi la mama yake bila kuitwa. Mwenye mpini akasogea hatua moja.

"Ilikuwa ya studio," Wekoye alisema.

"Sema kwa nguvu!" Waithaka alimhimiza. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ilikuwa ya studio! Sijawahi kuwa na koti. Niliivaa dakika kumi. Hakuna mtu aliiba kitu." Akamgeukia mkewe. "Nilikuwa napakia magunia, Nanjala. Niliogopa ukiona hivyo hutakuja."

Waithaka akafunua kifuniko cha sanduku ili watu waone pacha wa tatu. Pakazuka vicheko. Muuza viazi mmoja akapaza sauti, "Hata mimi nililivaa! Mfukoni kulikuwa na mahindi ya kuchoma ya mtu!" Mwenye mpini, mtu mzima kutoka kijiji kiitwacho Kwanza, akakiri kwamba ndilo alilovaa siku ya harusi yake.

Nanjala hakucheka.

"Na saa?"

"Ya studio."

"Redio?"

"Ya studio. Haikuwa na betri."

"Na kwa nini picha ilikatwa kwa magoti?"

"Chini nilikuwa na gambuti."

Nanjala aliketi kwenye benchi, bakuli mapajani. "Na unajua baba alikataa posa yako mara mbili kwa sababu ya hiyo koti? Alisema mwanamume mwenye koti kama hiyo hajui jembe, atakulaza njaa. Nililia wiki tatu ndio akubali. Ungetuma picha na gunia mgongoni, angenileta Kitale yeye mwenyewe!"

Wekoye alitamani ardhi imfunike, na gambuti zake pia.

Wakati huo Jerono alikuwa akipenya kwenye umati, ameacha kibanda chake cha sukuma wiki, kwani alisikia bwanake ndiye anauawa. Nanjala alipomwona aliinuka, na machozi sasa yalikuwa ya kweli.

"Mama Kipkoech," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu themanini na nne. "Nisamehe. Nimekununia miaka kumi na miwili bure. Nilidhani uliiba koti."

Jerono alimtazama, akamtazama bwanake, akamtazama tena Nanjala.

"Koti? Koti gani?"

"Koti ya Baba Khisa. Kumbe haikuwepo."

"Kwani ilikuwa ni koti?" Jerono alijishika kifua kwa nafuu kubwa, mama wa watu. "Wuui! Na vile nimeogopa! Mimi miaka hii yote najua unaninunia kwa sababu ya ile jogoo yako!"

Mwenye mpini akasogea karibu tena.

"Jogoo gani?" Nanjala aliuliza.

Jerono aliufunika mdomo kwa viganja, lakini jogoo alikuwa ameshatoka. "Ilikuwa mwaka wa njaa, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Unga ilikuwa ile ya njano ya msaada. Ikaingia jikoni yenyewe."

Wekoye alishusha pumzi. Alihisi mzigo ukimtoka mgongoni kama gunia la mwisho la siku. Mwizi kapatikana, tena kwa kukiri mwenyewe, na habari za koti zitapoa. Akajinyoosha, akarudisha umeneja usoni, akafungua mdomo ili atoe hukumu ya busara kati ya akina mama wawili.

"Ile ya Pasaka?" Rotich akamtangulia, amepata uhai wake na hajui pa kuupeleka. "Lakini ile si tulikula na Meneja? Ndiye alimaliza supu! Akasema, 'Msemaji, hii jogoo inanikumbusha nyumbani.'"

Nanjala aliliweka bakuli chini, taratibu sana.

"Baba Khisa," alisema, "si wewe uliniambia jogoo yangu ililiwa na nguchiro?"

Akageuka amtazame. Benchini palikuwa na gazeti la mwalimu tu, na nguchiro alikuwa ameshavuka barabara.