Nimezimia Kwenye Hema la Kupanga Uzazi

Wasee, leo nisipopokea simu mnielewe. Nimeaibika mbele ya mtaa mzima wa Pipeline.

Mimi na mke wangu Nekesa tuna watoto wanne na chumba kimoja. Sindano za kupanga uzazi zimemtesa: leo kichwa, kesho kizunguzungu. Basi gari la serikali lilipopita likitangaza huduma za bure uwanjani, na kwamba hata wanaume wanaitwa, nikamwambia, "Mama Neema, wewe pumzika. Safari hii nafunga uzazi mimi."

Akanikumbatia. (Nilijiona shujaa. Ngojeni.)

Shida ilikuwa mama mkwe. Ametoka Bungoma, amefikia kwa shemeji yangu kule Kware, na kila akipiga simu anatuombea mjukuu wa tano. Leo amenipata njiani.

"Baba Neema, uko wapi?"

"Naenda soko la Burma, Mama. Nawanunulia watoto nyama."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Kufika hemani nikajiandikisha, nesi akafurahi kupita kiasi. Akashika kipaza sauti. "Jamani! Serikali inasema kupanga uzazi si mzigo wa akina mama peke yao. Na leo Baba Neema ameitikia! Makofi!"

Uwanja ukapiga makofi. Mama mboga wangu akapiga kigelegele. Nami nikapunga mkono (mjinga mimi).

Kisha nesi akafungua picha kubwa ya mwili wa mwanamume, akaanza kueleza. "Hapa tunadunga ganzi. Halafu tunatoboa kidogo hapa..."

Mengine sikuyasikia. Hema likazunguka, nikaenda chini kama gunia la viazi.

Kufumbua macho, kichwa changu kiko mapajani mwa mtu. Naona leso. Napandisha macho polepole. Mama mkwe!

Kumbe alikuja kupimwa presha, ameketi benchi la nyuma yangu. Wasee, kwetu mama mkwe hata mkono humpi. Mimi nimemlalia! Naye ananipepea kwa bango la kondomu!

"Pole, mwanangu," akasema. "Kumbe Burma siku hizi iko hapa?"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu.

Nikajaribu kujieleza, akanikatiza. Sauti yake ilishuka.

"Mimi nilizaa tisa. Hakuna hata siku moja mtu aliniuliza kama nimechoka. Nekesa amepata mume."

Halafu akamgeukia nesi. "Daktari, akipata nguvu endelea naye. Asitoroke, niko hapa."

Nilipoingia, akakaa nje ya pazia akiimba mapambio kwa sauti ya kanisani mpaka nikatoka.

Sasa nimelala kwenye kochi, na barafu mahali sitapataja. Nekesa ananilisha uji kwa kijiko na hataki hata niinuke.

Anayetaka kunicheka aende akadungwe kwanza, halafu tuongee kama wanaume.